Mwanamke Mwingine Kwenye Laini

Kwenye jengo lile la maduka ya vifaa vya sauti hakuna mtu anayenong'ona. Kila duka limewasha spika zake, kila spika inataka kuizima ya jirani, na mteja akitaka kuuliza bei inabidi apige ukelele kama mtu aliyeona moto. Ndiyo maana yule dada wa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe aliona heri aongee kupitia maiki aliyokuwa anaijaribu.

"Moja, mbili, tatu," alisema, kwa sauti iliyonyooka kama shuka lililotoka kupigwa pasi. "Bwana muuzaji, hii maiki unasema ni mpya, mbona ina rangi ya mdomo ya mtu? Nne, tano. Halafu huyu kaka mwenye shati la drafti, naomba ashuke kwenye mguu wangu."

Kaka mwenye shati la drafti alikuwa amempa mgongo, hedfoni kubwa masikioni, anakagua mashine ileile ambayo maiki imechomekwa. Katika kelele zote za jengo zima, yeye alisikia kitu kimoja tu: sauti hiyo. Ilimwingia ikashuka taratibu, ikafika mahali ikakaa. Mguu aliusahau.

"Kaka!"

"Naam. Endelea tu."

"Niendelee na nini? Shuka!"

Alishuka, akavua hedfoni, akageuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye viwiko, na penseli ameichomeka juu ya sikio ambalo, tuseme ukweli, Mungu hakulifanyia ubahili.

"Dada, mimi nakufahamu."

"Wote huwa mnaanzia hapohapo."

"Hapana, kweli. 'Asante kwa kupiga simu. Kwa huduma za akaunti, bonyeza moja.' Si ni wewe? Juzi umeniweka kwenye simu ya benki mpaka chai imepoa!"

Dada alicheka, akajizuia, akacheka tena. Ni yeye kweli. Alikuwa msoma matangazo, na kwao, kuanzia Shangazi aliyemlea mpaka binamu zake, hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina. Walimwita Bonyeza Moja.

"Masikio!" muuzaji alifoka kutoka nyuma ya maboksi. "Nimekuita unitengenezee mashine, si kunitongozea wateja!"

"Kumbe ndiyo jina lako," alisema Bonyeza Moja, akimwangalia pembeni ya kichwa. "Wazazi wako waliona mbali."

"Wazazi hawana kosa, ni mafundi wenzangu. Unaitaka hiyo maiki ya nini?"

Akamweleza, akipaza sauti juu ya muziki wa duka la jirani. Alikuwa amepata kazi ya kusoma hadithi za watoto, kitabu baada ya kitabu. Wenye kazi walikuwa mbali, mji mwingine kabisa. Walitaka asome akiwa nyumbani, wao wamsikie kwenye studio yao kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Na wewe nyumbani una nini?" aliuliza Masikio.

"Nina kabati la nguo na nina hofu. Vingine sina."

"Kabati linatosha. Hofu tutaitafutia pa kuiweka."

* * *

Kesho yake Masikio alifika na begi la waya begani. Shangazi, mama wa mwili uliojaa na miwani inayoning'inia kifuani, alimkagua mlangoni kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo, Shangazi. Mimi ndiye fundi."

"Marahaba. Kwa kuwa unaingia kwenye kabati la binti yangu, mlango utabaki wazi, na mimi nitakuwa hapa kwenye kiti nashona vifungo."

"Hakuna shida. Ila wakianza kurekodi, Shangazi hutaruhusiwa hata kupiga chafya."

"Kwangu mwenyewe?"

"Na feni tutaizima."

"Huyu si fundi," Shangazi alimwambia binti yake. "Huyu ni mkuu wa gereza."

Masikio alifanya kazi kama mtu anayemtandikia mgonjwa kitanda. Alitundika mablanketi mazito nyuma ya magauni ili sauti isigonge mbao ikarudi. Alitandaza kipande cha zulia chini. Alivuta waya mrefu kutoka kwenye kile kisanduku cha intaneti sebuleni mpaka kwenye kompyuta, maana intaneti ya hewani, alisema, inakohoa katikati ya maneno. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kabati, magoti yakimfika kidevuni.

"Sikiliza. Kuna njia mbili. Sauti yako inatoka hapa inakwenda, sauti ya mwongozaji inatoka kule inakuja. Hizo njia hazitakiwi kukutana. Zikikutana, maneno yako yatakurudia, utadhani umefungiwa na mtu humu."

"Usinitanie hivyo. Mimi mwoga."

"Basi usiogope, maana nitakuwepo. Nitakuwa kwenye karakana yangu, mtaa wa pili, lakini nitaingia kwenye kompyuta yako kupitia intaneti. Sauti ikizidi napunguza, ikipwaya naongeza. Wewe kazi yako kusoma. Ukivaa hedfoni, unavyojisikia ndivyo wanavyokusikia wao."

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Siku ile ilikuwa kweli.

Kazi ilipoanza, Bonyeza Moja alikaa ndani ya kabati, viganja vimelowa jasho, magauni yakimgusa mabega kama watu kwenye foleni. Alikuwa anaishi kwa koo lake, na mtu anayeishi kwa koo huogopa vitu ambavyo wengine hawavioni: vumbi, maji ya baridi, upepo wa feni, mtu anayekohoa karibu. Siku hiyo aliogopa vyote kwa pamoja. Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti kavu, alikuwa amemwambia kwenye simu maneno ambayo hayakumtoka kichwani: "Mfululizo huu sisi tunaanza na sauti moja na tunamaliza nayo. Sauti ikibadilika katikati, tunatafuta mtu mwingine na tunarudia kuanzia kitabu cha kwanza."

"Vuta pumzi," Masikio alimwambia masikioni. "Bado tuko wewe na mimi tu. Wao sijawafungulia."

"Wakinikataa?"

"Watakuwa viziwi. Nitawaandikia barua ya pole."

Alicheka, na kabla kicheko hakijakauka Masikio akafungua laini.

Hivyo ndivyo walivyopendana, kila mmoja chumbani kwake, waya katikati. Dakika zile kabla ya kuwafungulia wa mbali zilianza kurefuka. Mara "umekula nini?", mara "leo umevaa nini humo kabatini?" Na Bonyeza Moja alikuwa anavaa kweli. Shangazi alimshuhudia kwa macho yake akipaka wanja ili akakae gizani.

"Anakuona wapi huyo?" aliuliza.

"Haoni, Shangazi. Anasikia."

"Anasikia wanja?"

Jumapili walitembea bustani ya jiji, Masikio amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja, na simu za jioni zilikuwa ndefu mpaka betri zikaomba msamaha. "Haya kata wewe." "Kata wewe kwanza." "Laazizi, mimi fundi, sijafundishwa kukata, nimefundishwa kuunganisha." Watu wazima na akili zao.

* * *

Masikio ndiye aliyekisikia kwanza.

Mwanzoni kilikuwa kitu kidogo tu. Kwenye maneno ya juu, pale Bonyeza Moja alipoigiza sungura mdogo anayebishana na mama yake, kulikuwa na mkwaruzo, kama ukucha unaopita kwenye karatasi. Masikio alirudisha, akasikiliza. Akarudisha tena. Alikuwa na programu ya kusafisha vitu kama hivyo. Kila fundi wa sauti anayo. Akaipitisha kidogo, kama mtu anayemfuta mpenzi wake chembe ya mkate mdomoni bila kumwambia. Mkwaruzo ukaondoka. Mwongozaji akasifu: "Sauti safi sana leo!"

Mafua hayo, Masikio alijiambia. Yatapita.

Hayakupita. Akaongeza usafi. Kufikia kitabu kilichofuata, kila asubuhi kabla ya kufungua laini alikuwa anaupaka kwanza ule usafi juu ya sauti ya mpenzi wake, na kwa kuwa ulipakwa ndani ya kompyuta ya kule kabatini, hata hedfoni za Bonyeza Moja zilimletea ile sauti iliyokwisha kufuliwa. Bonyeza Moja alijisikia mzima. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, naye hakusema.

Kwa nini hakusema? Alijaribu. Njiani kwenda kwake aliipanga sentensi, akaifikisha mpaka mlangoni, akaona yule dada anakuja anacheka, sentensi ikamrudi tumboni. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayemnyang'anya kazi. Na kadiri alivyongoja, ndivyo kusema kulivyozidi kutisha, maana sasa ilibidi aseme na kwa nini alinyamaza.

Halafu ikaja ile simu.

"Masikio."

"Laazizi."

"Nikuulize kitu, usicheke. Asubuhi nikiamka koo kama lina mchanga. Shangazi anasema ni vumbi la mablanketi yako."

"Mablanketi niliyafua."

"Nikiwa nje ya kabati najisikia nimepwaya. Nikivaa hedfoni niko sawa, tena safi kabisa. Sasa mwongo nani hapo, koo au hedfoni?"

Masikio alikuwa amesimama katikati ya karakana, bisibisi mkononi.

"Wewe ndiye mwenye masikio kuliko watu wote ninaowajua," aliendelea Bonyeza Moja, na ucheshi ulikuwa umemtoka. "Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu, mpenzi."

"Kweli?"

"Kweli. Umechoka tu."

"Haya. Ukishasema wewe, natulia."

Simu ilipokatika, Masikio alikwenda kwenye bomba akanawa uso. Akanawa tena. Haikusaidia.

* * *

Asubuhi moja umeme ulirudi kwa kishindo mtaani kwa Masikio, ukamuunguzia kisanduku cha intaneti. Akampigia mpenzi wake haraka: "Mwambie mwongozaji leo msirekodi. Nisubirini." Mwongozaji hakuwa mtu wa kusubiri. Fundi wa upande wao, kijana mwenye haraka, alimpigia Bonyeza Moja akamwelekeza namna ya kuunganisha moja kwa moja.

"Funga kila kitu kilichokuwa kinafanya kazi kwenye hiyo kompyuta. Hicho nacho funga. Tunataka sauti tupu. Sasa bonyeza pale chini."

"Leo na mimi nimepata wa kuniambia nibonyeze," alitania, akavaa hedfoni, akavuta mlango wa kabati. Nje, sebuleni, Shangazi alizima feni akakaa na vifungo vyake. Ndani palibaki giza, mwanga mdogo wa kompyuta, na harufu ya nguo.

Akaanza kusoma.

Mtu mwingine akaanza kusoma pamoja naye.

Alikuwa mwanamke. Mwenye umri mkubwa kuliko yeye, koo limechanika, anasoma maneno yaleyale, wakati uleule, karibu kabisa na sikio lake. Bonyeza Moja alinyamaza. Mwanamke akanyamaza. Alivuta pumzi; mwanamke akavuta pumzi, ikapiga mluzi mwishoni. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Aligeuka akapapasa nyuma ya gauni moja, nyuma ya jingine, akapapasa blanketi mpaka kwenye mbao, akimtafuta mtu.

"Kuna mtu kwenye laini," alinong'ona.

Mwanamke naye alinong'ona hivyohivyo.

"Hata mimi nataka kuuliza," ilisema sauti kavu ya mwongozaji. "Huyo anayesoma ni nani?"

"Sijui! Labda fundi wenu ameunganisha msomaji mwingine."

"Hapa hakuna msomaji mwingine. Nakuuliza wewe unayeongea sasa hivi. Mama, tafadhali mpe hedfoni mwenye kazi yake."

"Ni mimi."

"Usinitanie. Sauti yake naijua, nashinda nayo kutwa."

"Ni mimi! 'Asante kwa kupiga simu! Kwa huduma za akaunti, bonye...'"

Neno lilipasuka. Alilisikia likipasuka ndani ya masikio yake, kama kanga inayoshikwa na msumari. Na hapo akamjua yule mwanamke.

Mwongozaji aliposema tena, sauti yake haikuwa kavu tena.

"Mwanangu, vua hedfoni. Nenda hospitali. Usisubiri kesho."

Alitoka kabatini, akampita Shangazi na maswali yake, akasimama dirishani na simu.

"Maiki ni ileile," alisema Bonyeza Moja, Masikio alipopokea. "Kompyuta ileile. Kabati lilelile. Kitu pekee ambacho leo hakikuwepo ni wewe. Ulikuwa unaifanya nini sauti yangu?"

Masikio hakujifanya hajaelewa.

"Nilikuwa naisafisha."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kitabu cha sungura."

"Mungu wangu." Akakaa chini. "Nilikuuliza. Nilikwambia koo lina mchanga, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema husikii kitu."

"Niliogopa wangekuondoa. Niliogopa utalia, mpenzi, na mimi ndiye..."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nisilie, niwe bubu! Kila asubuhi unanivalisha sauti ya zamani, natembea nayo najua ni yangu!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Hata hilo sijui umelisafisha kiasi gani."

Akakata. Yule ambaye siku zote alikuwa anasema "kata wewe kwanza."

* * *

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani, ikashuka kooni, na kwenye kioo wakaona tando mbili nyeupe zinazogongana. Kwenye mmoja palikaa kitu kama punje ya mtama. Shangazi aliishika miwani yake kwa mikono miwili.

"Kitatolewa," alisema daktari. "Tutakipeleka maabara tujue ni cha aina gani. Kuhusu sauti, siwezi kukuahidi."

"Kingeonekana mapema ingekuwaje?" aliuliza Bonyeza Moja.

"Mapema siku zote ni afadhali," daktari alijibu kwa upole, bila kujua sentensi hiyo inamwangukia nani.

Baada ya upasuaji, amri ilikuwa moja: kimya. Asiseme, asinong'one, hata koo asilisafishe. Nyumba iliyokuwa inanyamaza kwa ajili ya kurekodi sasa ilinyamaza kwa kuogopa. Majibu ya maabara yalikuwa hayajatoka. Sahani ziliwekwa mezani taratibu, kana kwamba kishindo kingeweza kuyageuza. Mwongozaji alituma ujumbe wa pole, na chini ya pole akaeleza kwamba mfululizo umepewa msomaji mwingine. Bonyeza Moja aliusoma, akaulaza uso wa simu chini.

Masikio alipiga. Alipiga tena. Mwishowe Shangazi akapokea, akaiweka simu spika katikati ya meza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkuu wa gereza."

"Anaendeleaje?"

"Yuko hapa mbele yangu anatikisa kichwa."

"Anatikisa vipi?"

"Vile vya hapana."

"Mwambie kwamba..."

"Mwambie mwenyewe. Hajakatwa masikio, amekatwa koo."

Sauti ya Masikio ikaja ndogo. "Majibu?"

"Bado." Shangazi naye sauti ikamshuka. "Bado, baba. Hapa hatulali, tunafumba macho tu."

"Naomba nimletee kitu."

"Kama ni maua, wapelekee wagonjwa wanaokupenda."

"Ni sauti yake. Ile tupu, ya kila siku, kabla sijaigusa. Nilikuwa naihifadhi. Akiisikiliza atajua yote. Asipoisikiliza, ni haki yake."

Shangazi alimwangalia binti yake. Bonyeza Moja alikuwa anatazama ukuta. Akainamisha kichwa mara moja, vile vya ndiyo.

"Lete," alisema Shangazi. "Weka mlangoni, gonga, ondoka."

Bonyeza Moja aliisikiliza kabatini, hedfoni zimembana, mkono kooni. Masikio hakuwa ameomba chochote. Kabla ya kila rekodi alikuwa ameweka sauti yake mwenyewe, haijapambwa, pikipiki zikisikika nje ya karakana: "Hii ni siku niliyousikia mara ya kwanza. Sikukwambia." Kisha sungura, mchangamfu, na ule ukucha kwenye karatasi. "Hapa umezidi. Nilificha." "Hii ni asubuhi baada ya kuniuliza. Nilikuwa nimekudanganya."

Alisikiliza sauti yake ikiondoka kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha vyombo mchana bila kuaga. Alitaka kupiga kelele, na kelele ndiyo hasa aliyokatazwa. Lakini katika zile rekodi tupu alisikia kitu kingine kilichomtisha zaidi. Katikati ya ukurasa, yeye mwenyewe anasita. Anameza mate. Anajaribu neno kimyakimya, anasikiliza, kisha anaendelea haraka, kwa furaha ya bandia. Alikuwa anajua. Kooni alikuwa anajua kabla ya kuuliza, na akaenda kumuuliza mtu mmoja ambaye alikuwa na hakika atamjibu kwamba hakuna kitu.

Hasira haikuisha hapo. Ila ilipata mwenzake wa kukaa naye.

Majibu yalipotoka, Shangazi ndiye aliyeshika karatasi, akairudisha kwa daktari amsomee. Si ule ugonjwa mbaya. Shangazi alikaa chini sakafuni palepale hospitalini na miguu ameinyoosha, akasema atainuka akiwa tayari. Bonyeza Moja alilia bila sauti. Hofu moja iliondoka, na ile iliyokuwa nyuma yake ikasogea mbele: sasa, akifungua mdomo, atatoka nani?

Asubuhi aliyoruhusiwa kusema, daktari alimpa maneno kama anayempa mtu dawa kali. Sentensi chache tu, sauti ya kawaida, kisha anyamaze mpaka kesho yake.

Aliandika kwenye simu, akamwonyesha Shangazi: *Mpigie Masikio. Akae kwenye mtambo wake.*

"Yaani neno la kwanza akalisikie huyo?" Shangazi alishika kiuno. "Mimi niliyekufundisha kusema 'maji'?"

Akaandika tena: *Wewe utasema ni nzuri hata ikiwa ya chura.*

Shangazi alifungua mdomo. Akaufunga. "Hilo kweli," alisema, akachukua simu.

Safari hii waya Bonyeza Moja aliuchomeka mwenyewe. Alizima kila programu, moja moja, mpaka pakabaki njia tupu kati ya maiki yake na karakana ya mtaa wa pili. Shangazi alijibanza nje ya kabati, sikio kwenye mbao. Kule karakana, Masikio alikuwa amevaa hedfoni, amekalia mikono yake, moyo unamgonga mpaka akaogopa utaingia kwenye laini.

"Masikio," alisema Bonyeza Moja.

Ilitoka nzito, yenye vumbi, ikayumba katikati kama mtu anayevuka ubao juu ya mtaro. Alijisikia mwenyewe kwenye hedfoni, akafumba macho.

"Niambie. Bila kunisitiri."

Majibu matamu yote yalimjia Masikio, yakapanga foleni ulimini. Aliyajua kwa ladha. Alikuwa hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kufungua mdomo dakika ile.

"Inakwaruza," alisema. "Ni nzito kuliko zamani. Katikati inakatika. Na juu... juu sijasikia kitu."

"Sungura?"

"Sidhani, mpenzi. Sidhani kama atarudi."

Akasikia kilio kinaanza, kikavu, kibaya, chenye mikwaruzo yote. Kilimchoma, na mikono yake ilibaki palepale ilipokaliwa.

"Umegusa kitu?" aliuliza Bonyeza Moja.

"Sijagusa."

"Njoo," alisema. Na maneno ya siku hiyo yakawa yameisha.

Masikio alikuja mbio, karakana ameiacha wazi kwa wezi wote wa mtaa, hedfoni shingoni na waya wake unamfuata nyuma kama mkia. Shangazi alifungua mlango akampisha. Bonyeza Moja alikuwa amesimama mwisho wa korido, gauni la bluu, skafu nyeupe shingoni, macho mekundu. Masikio alipomwona, ujasiri wote wa njiani ulimwishia. Akainama, akawa anaongea na viatu vyake.

"Msamaha nitaomba, tena kila siku, kwa hiyo leo sitaumaliza. Nimekuja kusema naogopa. Naogopa sauti yako itakavyokuwa kesho. Naogopa kazi itakuwaje. Naogopa utaniuliza kitu halafu ukweli wenyewe utakuwa mbaya. Lakini nitakwambia. Hata ukinikasirikia, nitakwambia. Naomba nikuoe."

Akangoja. Maisha yake yote majibu yalimfikia kwa mlango mmoja, na sasa alitega masikio yote mawili. Alisikia friji ikinguruma. Alisikia bomba la jikoni likidondosha. Alisikia Shangazi akivuta pumzi. Zaidi ya hapo hakuna.

Akarudi hatua moja nyuma.

"Sawa," aliviambia viatu. "Nimeelewa. Nitaondoka."

"We mwanaume!" Shangazi alilipuka, mpaka vioo vya madirisha vikaitika. "Inua kichwa! Mtoto wa watu shingo inataka kukatika kwa kukuitikia!"